Kumpimia Mwanafunzi Somo Lake: Historia ya Wazo Moja katika Elimu ya Kenya

UTANGULIZI

Wahenga walinena kuwa kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mwalimu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa anaujua ukweli wa kauli hiyo. Wako wanafunzi wanaolishika somo kabla halijamalizika, na wako wanaohitaji kurudiwa mara tatu. Yupo anayeelewa kwa mfano mmoja, na yupo ambaye kwake mfano wenyewe ni fumbo jipya. Kuwa wanafunzi hutofautiana ni jambo lisilohitaji ushahidi. Lililo gumu ni kujua mwalimu azifanyie nini tofauti hizo.

Siku moja mwandishi wa makala haya, alipokuwa akiwakagua walimu wanafunzi katika mazoezi ya kufundisha, alikabidhiwa andalio la somo la ushairi lililogawanywa katika safu tatu: wanafunzi wa macho, wanafunzi wa masikio, na wanafunzi wa mikono. Darasa zima lilikuwa limejazishwa hojaji fupi, na mbele ya kila jina daftarini pakaandikwa aina ya mwenye jina. Kundi la kwanza lilipewa mchoro wa ubeti. Kundi la pili lilisomewa utenzi. Kundi la tatu lilipewa vipande vya karatasi vyenye maneno ili livipange. Kipindi kilipokwisha, makundi mawili kati ya matatu yalikuwa yamejifunza utenzi bila ya kuusikia hata ubeti mmoja ukighaniwa. Kijana aliyefundisha alikuwa na bidii isiyo kifani, na alitenda sawasawa na alivyofunzwa. Kosa, ikiwa lipo, ni letu sisi tuliomfunza.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika msemo wa “kumpimia mwanafunzi somo lake” zimo maana mbili ambazo hazina budi kutenganishwa. Maana ya kwanza ni kumpimia kwa kadiri ya mahali alipofika: anajua nini, hajui nini, na anaielewa lugha gani. Maana ya pili ni kumpimia kwa kadiri ya aina ya mtu anayedhaniwa kuwa. Maana ya kwanza ni ya kale katika pwani yetu, na utafiti wa karibuni umeitilia nguvu. Maana ya pili nayo ina historia yake hapa Kenya, na si historia ya kujivunia. Tutazifuata zote mbili, kisha tutazame zinatudai nini sisi tunaofundisha Kiswahili.

UBAO WA CHUONI

Tuanze na chuo, yaani shule ya Kurani ya mwambao. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maelezo yake yamo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, ni miongoni mwa waliotuachia habari za malezi na masomo ya watoto wa pwani kabla ya shule za kiserikali kuenea. Watoto waliketi mkekani mbele ya mwalimu, kila mmoja na ubao wake. Aliyeanza jana alikuwa bado kwenye alifu. Jirani yake alikuwa akiunganisha herufi na irabu. Aliyekaa nyuma yao alikwisha kuvuka juzuu kadhaa. Wote walisoma kwa sauti na kwa wakati mmoja. Mgeni aliyepita njiani angedhani kuwa ni makelele matupu. Mwalimu hakuyasikia kama makelele, maana sikio lake lilimtambua kila mmoja kwa aya yake.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba hapakuwa na “darasa” kwa maana tuliyoizoea leo, ambapo watoto sitini hufungua ukurasa mmoja saa moja. Somo la mtoto liliandikwa kwenye ubao wake, naye hakufutiwa ubao mpaka amelihifadhi. Mwenye wepesi alikwenda mbio na kuhitimu mapema. Mzito alikaa na ubao ule ule siku kadhaa. Wanafunzi wakubwa waliwasikiliza wadogo, na hivyo mwalimu mmoja aliweza kuwahudumia watoto wengi walio katika hatua mbalimbali.

Hatusemi kuwa chuo kilikuwa pepo ya watoto. Bakora ilikuwapo, na watoto wengi walihifadhi maneno ya Kiarabu bila ya kuelezwa maana yake. Lakini katika suala letu chuo kinatupa ushahidi ulio wazi: kilizingatia tofauti ya mahali mtoto alipofika, wala hakikuzingatia tofauti ya aina. Hakuna mtoto aliyeambiwa kuwa yeye ni wa macho na kwa hiyo asisome kwa sauti. Kila mmoja aliiona herufi, akaitamka, akaisikia kwa wenzake, akaiandika kwa mkono wake. Njia ilikuwa moja kwa wote, kwa sababu ilitokana na kitu kinachofunzwa, yaani maandishi yanayosomwa kwa sauti. Kilichotofautiana ni mwendo.

Athari ya mafunzo ya namna hii ilichunguzwa kwa makini mbali na kwetu, kwa Wavai wa Liberia, na Sylvia Scribner na Michael Cole, ambao walitoa kitabu chao mwaka 1981. Wavai wana hati yao wenyewe, na baadhi yao husoma pia Kiarabu cha Kurani au Kiingereza cha shuleni. Waliosoma Kurani walionekana kuwashinda wengine katika jaribio moja la kukumbuka, nalo ni lile ambamo orodha ya maneno huongezwa neno moja moja kila inaporudiwa, kama aya zinavyoongezwa katika kuhifadhi. Katika majaribio mengine ya kumbukumbu hawakuwa na ubora huo. Yaani chuo hakikuumba “mtu wa kumbukumbu”. Kiliwazoesha watu kazi fulani, nao wakawa hodari wa kazi hiyo.

KIPIMO CHA WATAWALA

Maana ya pili ya kumpimia mwanafunzi ililetwa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1909 Profesa J. Nelson Fraser, aliyetoka katika kazi ya elimu huko India, aliishauri serikali ya himaya hii kuwa Waafrika wapewe hasa mafunzo ya kazi za mikono. Mwaka 1911 Idara ya Elimu iliundwa, na mfumo uliokua chini yake ulikuwa na vijito vitatu: shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila kijito na mtaala wake na fedha zake. Mgawanyo huo ulidumu karibu na wakati wa uhuru.

Mwaka 1924 ilikuja tume ya Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones, aliyekuwa amefanya kazi katika chuo cha Hampton, Virginia, kilichojulikana kwa kuwafunza Wamarekani Weusi kazi za mikono. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo J. E. K. Aggrey wa Gold Coast, msomi aliyeheshimiwa na Waafrika wengi. Ripoti ya tume ilitoka mwaka 1925. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilitangaza sera yake ya elimu kwa makoloni ya Afrika ya kitropiki. Nguzo kuu ya maandishi haya yote ilikuwa neno moja: kurekebisha. Elimu irekebishwe ilingane na akili, vipawa, kazi na mila za wenyeji.

Ukiyasoma maneno hayo leo, bila ya kujua yalitoka wapi, huenda ukayapenda. Nani asiyetaka elimu inayolingana na maisha ya mtoto? Yalizaa pia mambo mema kadhaa. Shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925 iliwafunza walimu waliotembelea shule za vijijini na kuwasaidia wenzao, na sera ilitetea lugha za wenyeji katika madarasa ya chini. Kasoro ilikuwa katika kile kilichofanywa kipimo. Hakuna aliyemwuliza mtoto wa Nyeri au wa Maseno amekwisha kujua nini na ana haja ya kujua nini. Alitazamwa kwanza aina yake, “mwenyeji”, kisha aina hiyo ikapewa akili yake na, kwa ajili ya akili hiyo, somo lake. Huko Marekani W. E. B. Du Bois alikuwa amekwisha kuzikosoa kwa ukali kazi za Jesse Jones, akiona kuwa elimu iliyopimwa kwa aina ya mtu ni njia ya kumweka mtu huyo mahali alipo.

Mwaka 1934 wazo hili lilifikia upeo wake hapa Nairobi. Daktari F. W. Vint alichapisha matokeo ya kupima bongo za maiti za Waafrika wa Kenya, na Daktari H. L. Gordon, aliyehusika na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akayatumia matokeo ya namna hiyo kudai kuwa akili ya Mwafrika ina upungufu wa kimaumbile na kwamba elimu ya Kizungu huenda ikamdhuru. Mbinu zao zilipingwa, na serikali ya London haikuwapa msaada wa fedha waliouomba. Leo madai hayo yamekwisha kuzikwa. Hata hivyo yanaonyesha mahali ambapo njia ya kupima kwa aina huweza kumfikisha mtu: huanza kwa kutaja tofauti kwa upole, kisha huitafutia tofauti hiyo makao mwilini, na mwisho huifanya kuwa mpaka.

JIBU LA WAZAZI

Wazazi hawakungoja wataalamu wabishane. Katika miaka ya 1930, baada ya mgogoro wa mwaka 1929 baina ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wanawake, shule za kujitegemea zilienea chini ya Muungano wa Shule Huru za Wakikuyu na chama cha Karing’a. Mwaka 1939 chuo cha walimu kilifunguliwa Githunguri, naye Peter Mbiyu Koinange akawa kiongozi wake. Koinange mwenyewe alianza masomo yake ya Marekani katika chuo kile kile cha Hampton ambako wazo la kurekebisha lilikuwa limekomaa, kisha akaendelea hadi vyuo vikuu vya Ohio Wesleyan na Columbia. Aliporudi hakuja na elimu ya kumpimia Mwafrika. Shule hizi zilidai masomo kamili pamoja na Kiingereza, na zilidai mapema. Serikali ilizifunga mara baada ya kutangaza hali ya hatari mwaka 1952, na Githunguri ikawa mahali pa kuwanyongea watu.

Hapa pana jambo ambalo sisi wanalugha hatujalipa uzito unaostahili. Katika sera ya mwaka 1925 kulikuwa na vipimo viwili vilivyofungwa katika furushi moja. Kimoja kilikuwa cha kweli: mtoto afundishwe kwanza kwa lugha anayoielewa. Kingine kilikuwa cha uongo: Mwafrika ana akili ya aina yake, basi apewe somo la aina yake. Kwa kuwa vilikuja pamoja, wazazi walivitupa pamoja. Lugha ya mama ikanuka ukoloni, Kiingereza kikanukia uhuru. Tangu mwaka 1957 Mpango Mpya wa shule za msingi ulieneza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikauunga mkono mwelekeo huo. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipopendekeza lugha ya eneo itumiwe katika madarasa ya chini, ilikuta shaka imekwisha kuota mizizi. Kwa maoni yetu shaka hiyo ilikuwa sehemu ya deni la furushi lile.

KUZALIWA KWA “MITINDO YA KUJIFUNZA”

Wazo la aina za wanafunzi lilirudi baadaye likiwa limevaa nguo nyingine, safi zaidi. Huko Marekani David Kolb alitoa hojaji yake ya mitindo ya kujifunza mwaka 1976. Mwaka 1978 Rita Dunn na Kenneth Dunn walichapisha kitabu cha kuwaelekeza walimu wafundishe kwa kufuata mtindo wa kila mwanafunzi. Mwaka 1983 Howard Gardner alileta nadharia ya akili nyingi, ambayo wengi wameichanganya na mitindo ya kujifunza ingawa Gardner mwenyewe amekataa mchanganyo huo. Mwaka 1992 Neil Fleming wa New Zealand, pamoja na mwenzake Mills, walieneza mgawanyo wa wanafunzi wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, na wa kutenda. Mgawanyo huu, ukiwa umepunguzwa na kufanywa macho, masikio na mikono, ndio uliofika katika andalio la kijana wetu.

Haki yatutaka tuseme kuwa nia ya watu hawa ilikuwa mbali na nia ya watawala tuliowataja. Walitaka kumtetea mtoto aliyeitwa mjinga, waseme kuwa hakuna mjinga, yupo tu ambaye hajafundishwa kwa njia yake. Ni nia njema, na ndiyo siri ya kupendwa kwa nadharia hii. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, Sanne Dekker na wenzake waliwauliza walimu wa Uingereza na wa Uholanzi kama mwanafunzi hujifunza vyema zaidi anapofundishwa kwa mtindo anaoupenda. Asilimia 93 ya wale wa Uingereza na asilimia 96 ya wale wa Uholanzi walikubali. Ni mambo machache ya ualimu ambayo walimu hukubaliana namna hiyo.

USHAHIDI

Mwaka 2004 Frank Coffield na wenzake huko Uingereza walikusanya nadharia za mitindo ya kujifunza wakahesabu 71, kila moja na majina yake ya aina. Walizichunguza 13 kwa kina, wakakuta nyingi zina msingi dhaifu. Wingi huo wenyewe ni dalili. Wataalamu wa sarufi huweza kubishana juu ya idadi ya ngeli za Kiswahili, lakini angetokea mtu na orodha 71 za ngeli zisizopatana, tungejiuliza kama wanaozitoa wanaitazama lugha moja.

Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walieleza kinachohitajika ili nadharia ithibitike. Wanafunzi wapangwe kwanza kwa aina. Kisha nusu ya kila aina, kwa kura, ifundishwe kwa njia moja na nusu nyingine kwa njia ya pili. Mwishoni wote watahiniwe kwa mtihani ule ule. Ikiwa wa macho watafanya vizuri zaidi kwa njia ya macho, na wa masikio kwa njia ya masikio, nadharia imesimama. Ikiwa njia moja itawafaa wote, imeanguka. Walipoyapitia maandishi mengi waliyoyapata, walikuta takriban hakuna jaribio lililofuata utaratibu huo na kuiunga mkono nadharia, na yalikuwapo yaliyoipinga. Mwaka 2015 Beth Rogowsky na wenzake walifanya jaribio kwa watu wazima, wengine wakisikiliza kitabu kilichosomwa kwa sauti na wengine wakikisoma wenyewe. Mtindo ambao mtu alidai kuupenda haukuhusiana na kiasi alichoelewa wala alichokumbuka.

Ni kweli kuwa watu wana mapendeleo. Mmoja hupenda michoro na mwingine hupenda masimulizi. Kisichothibitika ni kwamba kumfuata mtu katika pendeleo lake humfanya ajifunze zaidi. Mtoto anayependa wali na nyama haponi kwa sababu dawa yake imechanganywa na wali na nyama.

Robert Serpell alitoa mwaka 1979 uchunguzi unaostahili kukumbukwa na kila mwalimu wa Afrika. Alilinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kazi ya kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi watoto wa Uingereza walishinda. Kwa waya watoto wa Zambia walishinda. Kwa udongo walilingana. Anayewajua wavulana wetu na magari yao ya waya hatashangaa. Lau Serpell angetumia kalamu peke yake, angepata aina ya watu “wasioona maumbo”. Lau angetumia waya peke yake, angepata aina ya watu “wa mikono”. Alipotumia vyote alipata mazoea tu. Tunachokiita aina mara nyingi ni historia ya yale ambayo mtu alipata nafasi ya kuyafanya.

Mintarafu ya kipimo cha mahali mtoto alipofika, ushahidi ulio bora umetoka hapa hapa nchini. Mwaka 2009 Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walitoa matokeo ya jaribio la kugawa vitabu vya kiada bure katika shule za msingi za Busia na Teso. Vitabu havikuinua alama za wanafunzi wa kawaida. Viliwasaidia waliokuwa juu tangu mwanzo. Sababu moja iliyotolewa ni kuwa vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale kilikuwa lugha ya tatu, na kwa hiyo wengi hawakuweza kuvisoma. Mwaka 2011 Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walieleza jaribio katika shule 121 za magharibi mwa Kenya, zilizopewa mwalimu wa ziada ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika baadhi ya shule, zilizochaguliwa kwa kura, watoto waligawanywa kwa kiwango walichokwisha kufikia. Katika nyingine waligawanywa kiholela. Waliogawanywa kwa kiwango walifaidika zaidi, wenye alama za juu na wa chini vilevile. Waandishi hao waliona kuwa mwalimu aliyekuwa na watoto wa kiwango kimoja aliweza kulishusha au kulipandisha somo hadi mahali walipo.

Huu, kwa namna yake, ni ubao wa chuoni. Hapana budi kukumbuka pia kuwa kiwango si hukumu, ubao hufutwa. Mgawanyo wa kiwango usiopitiwa tena muhula baada ya muhula hugeuka kuwa mgawanyo wa aina, na hapo tutakuwa tumerudi katika vijito vitatu vya ukoloni kwa mlango wa nyuma.

SOMO LA KISWAHILI

Ikiwa aina ya mwanafunzi haituelekezi njia ya kufundisha, nini kituelekeze? Jibu letu ni kuwa kitu kinachofunzwa kina madai yake, na madai hayo ni yale yale kwa darasa zima.

Chukua utenzi wa kawaida: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani minane. Mizani ni hesabu ya silabi, na silabi ni kitu cha sauti. Mwanafunzi asiyeusikia utenzi ukighaniwa, wala kuughani mwenyewe, amejifunza umbo la kitu bila ya kitu. Kwa hiyo wote wasikilize, wote waghani, wote wapige hesabu kwa vidole. Baadaye wautazame ubeti ubaoni ili waone jinsi kina cha mshororo wa mwisho kinavyozifunga beti zote pamoja, kwani jambo hilo, katika utungo mrefu, jicho hulishika upesi kuliko sikio. Hapo macho, masikio na mikono vimetumika vyote, wala havikugawiwa watu mbalimbali.

Chukua mkazo. Barabara ya kupitia magari na barabara yenye maana ya sawasawa huandikwa kwa herufi zile zile. Mkazo wa la kwanza umo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Wa la pili umo katika ya tatu kutoka mwisho. Hakuna mchoro utakaomfunza mtu tofauti hii ikiwa sikio lake halikuipata. Kwa upande mwingine, mwanafunzi anayeandika “ata” badala ya “hata”, kwa sababu lahaja au lugha yake ya kwanza haina sauti hiyo, hasaidiwi na sikio lake, maana ndilo linalompotosha. Huyu sharti aone na aandike. Hapa tofauti baina ya wanafunzi ni kubwa, na mwalimu anapaswa kuijua: nani ametoka katika lugha gani, na lugha hiyo inamkwaza wapi. Hiyo ni tofauti ya kile ambacho mtu anakijua, wala haihitaji hojaji ya mitindo.

Mwanafunzi kiziwi au kipofu hamo katika hoja hii. Hitaji lake si pendeleo. Lugha ya ishara na maandishi ya nukta nundu ni haki yake, na kumnyima kwa kisingizio kwamba nadharia ya mitindo imeanguka itakuwa dhuluma.

HITIMISHO

Mtaala wa umilisi ulioanza kutumiwa nchini kote mwaka 2019 unatokana na mwongozo wa mwaka 2017, ambao unataja kuzingatia tofauti za wanafunzi kuwa mojawapo ya misingi yake. Msingi huo ni mwema ukifasiriwa vyema. Ukifasiriwa kwa maana ya kwanza, utamtaka mwalimu ajue kila mtoto amefika wapi, anaielewa lugha gani, na hatua inayofuata ni ipi. Kazi hiyo ni nzito katika darasa la watoto wengi, lakini ina malipo. Ukifasiriwa kwa maana ya pili, utamfanya mwalimu yule yule, mwenye watoto wengi na muda mchache, aandae masomo matatu kwa aina tatu ambazo hazijathibitika kuwapo, na kila saa atakayoitumia kwa kazi hiyo itakuwa imeibwa katika saa za kuwasikiliza wanafunzi wakisoma.

Kuna hasara nyingine isiyopimwa kwa saa. Mtoto akiambiwa kuwa yeye si wa masikio, ataacha kusikiliza. Akiambiwa kuwa yeye si wa kusoma, atakiweka kitabu chini akiwa na ruhusa ya mwalimu wake. Baba zake waliwahi kuambiwa, kwa lugha ya heshima na kwa jina la sayansi, kuwa wao ni aina ya watu wasiofaa masomo fulani. Walikataa, wakajenga shule kwa mikono yao. Haifai sisi, walimu wa walimu, tuwarudishie wajukuu wao kipimo kile kwa jina jipya.

Yule kijana mwenye safu tatu tulikaa naye baada ya kipindi. Juma lililofuata alilikusanya darasa lote pamoja, akaanza kughani utenzi. Mwanafunzi mmoja aliyeandikwa daftarini kuwa ni wa mikono aliomba aendelee yeye, naye akaghani beti tatu bila ya kukosa mizani. Kumbe alikuwa akiimba kaswida tangu utotoni, na hojaji haikumwuliza.